Sifuri za Jumapili

Jumatano, tarehe 4

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mjukuu wako kapasuliwa salama. Utumbo aliozaliwa nao nje umerudishwa tumboni. Simu haziruhusiwi wodini, kwa hiyo mkweo atatubebea barua kila anapoleta uji. Mtoto mpole ajabu, halii kabisa. Muuguzi kambatiza Bwana Shwari.

Mwanao

Alhamisi, tarehe 5

Mwanangu, marahaba. Goti ni lilelile, kama mpangaji sugu limekataa kuhama. Huyo Bwana Shwari kaninyima raha. Aliyeshonwa tumbo juzijuzi asilie, kwa nini? Mtazame paji la uso, ngumi, vidole vya miguu. Kisha soma karatasi ya maumivu iliyoning'inia kitandani. Kila saa huandikwa namba, sifuri mpaka kumi.

Mama yako

Ijumaa, tarehe 6

Mama, shikamoo. Nimeisoma. Leo Ijumaa, na sifuri zimeshajazwa mpaka Jumapili jioni! Wino mmoja, mkono mmoja. Nilipomuuliza muuguzi alicheka: "Wee Mama Shwari, wa siku tatu anajua nini? Hata kukumbuka hatakumbuka." Tangu apasuliwe hajapewa dawa ya maumivu hata tone. Ngumi kazikaza mpaka kucha zimemchana viganja. Nasikia kutapika.

Mwanao

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Mwanangu, tapika, kisha mfuate daktari na karatasi hiyo mkononi. Usimbembeleze. Msomee saa ambazo hazijafika.

Kichefuchefu hicho ninacho pia, ila changu kina miaka thelathini. Katika nchi ile tuliyofukuzwa nilikuwa muuguzi, nilivaa sare kama ya huyo wako. Tuliwashika watoto wachanga miguu wakashonwa wakiwa macho, halafu tukaandika "ametulia". Lile kovu la tumboni mwako sikukueleza kamwe. Ulikuwa na siku mbili. Mwandiko kwenye karatasi yako ulikuwa wangu.

Mama yako

Jumapili, tarehe 8

Mama,

Daktari aliisoma akiwa amesimama ngazini. "Nani kaandika saa kumi ya kesho?" Akaingia wodini mwenyewe. Dawa ikatiwa mshipani, na ngumi zikafunguka, kwanza ya kushoto. Kalala usingizi wa kweli; sasa najua tofauti yake. Karatasi mpya inaandikwa mbele yangu: saba, tano, mbili.

Kovu nimelitazama sana. Shikamoo bado naitafuta.

Goti likande kwa maji ya moto.

Mwanao