Kilichonizuia Kuja Nyumbani Krismasi Mbili

Noonkopir, Kitengela

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii imekukuta umeketi vizuri, goti halikusumbui, na mvua imewafikia hapo nyumbani. Huku niko mzima, ni vumbi tu linalotumaliza. Namwomba mdogo wangu Nafula akusomee polepole, asiruke mahali hata akiona aibu. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani inasikilizwa na boma zima, na haya ni ya kwako kwanza.

Mama, ule mguu wa kuku. Nafula ameniambia uliupata. Mara ya mwisho nilipokuja ulichinja jogoo, ukaniwekea mguu mbele ya watu wote, nami nikaufunga kwa leso na kwenda kuutupa nyuma ya choo. Asubuhi ukauona, ukaufukia, na hukuniuliza neno. Kisha Krismasi mbili zikapita bila mimi. Najua imesemwa kwamba mwalimu siku hizi anaona chakula cha nyumbani ni cha washamba. Sivyo, Mama. Sikuweza kuutafuna.

Ule ufizi uliokuwa unatoka damu, nilikuambia nimeng'olewa meno machache. Nilikudanganya. Yalitoka yote, juu na chini, nikatengenezewa ya bandia. Ya juu yalishika. Ya chini yaliteleza mdomoni kama kipande cha sabuni. Nikiuma kwa mbele, yanainuka nyuma. Nikitaka kupiga chafya, nakimbia nje. Shuleni wenzangu wakila chakula cha mchana mimi nilisema nimefunga, halafu najificha darasani na ndizi mbivu. Mwalimu Naserian wa darasa la pili akaniuliza, "Wewe unafunga kila siku, unaomba nini hicho Mungu hakupi?" Nikacheka mdomo ukiwa umefungwa.

Unajua bado niko na darasa la kwanza, hapa Kajiado. Watoto wadogo wanasoma mdomo wa mwalimu kabla ya kusoma ubao. Siku moja nikaandika herufi ya s, nikasema, "Sahani."

Darasa lote likaitikia, "Shahani!"

"Hapana. Sahani."

"Shahani!"

Nikadhani wananichezea. Nikamsimamisha Resiato, msichana mpole sana, hawezi kumdhihaki hata mbuzi. "Resiato, mbona unasema hivyo?"

Akanitazama kwa mshangao. "Ndivyo umeshema, Mwalimu."

Mama, niligeukia ubao nikajifanya nafuta. Hawakuwa wananicheka. Walikuwa wananitii.

Jioni Naserian alinikuta bado nimeketi darasani. Nikamwambia yote, na kwa mara ya kwanza nikayatoa yale meno mbele ya mtu. Hakugeuza uso. Akasema, "Kumbe ni meno? Mimi nilidhani unaomba mume." Tukacheka mpaka tukalia. Ndiye aliyejua kliniki moja Nairobi ambako madaktari wanafundishwa kazi ya meno, akanisindikiza.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Kabla hajaangalia mdomo alinipa karatasi ya maswali. Unakula nini? Unasikia uchungu? Unalala vizuri? Unacheka mbele ya watu? Nilijibu haraka haraka kama mtihani. Halafu nikafika kwa swali hili: kuna mahali umeacha kwenda kwa sababu ya meno? Nikaandika neno moja tu. Nyumbani.

Akasoma. "Nyumbani ni wapi?"

"Kwa mama yangu, upande wa Bungoma."

Akavuta kiti karibu. "Pole, dada. Basi tutakutengeneza ufike huko."

Usishtuke, Mama. Walinidunga sindano ya ganzi, wakatoboa mfupa wa taya la chini mahali pawili na kuingiza skrubu mbili ndogo. Uso ulivimba, Naserian akaniletea uji kwa chupa ya chai. Kisha tukangoja miezi, mfupa uzishike zile skrubu. Upande wa kushoto ulinisumbua, nikaogopa kwamba mwili umekataa. Niliomba kweli sasa, na sikuwa nimefunga. Siku ya mwisho daktari akaleta meno mapya ya chini, akayabonyeza juu ya skrubu. Tak! Yakakaa.

"Sema kitu," akaniambia.

"Sahani," nikasema. Akashangaa kuona machozi.

Jumatatu niliwaambia watoto kwamba mwalimu alikuwa amekosea, tutaanza s upya. Wakaitikia vizuri, isipokuwa Resiato, ambaye meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. "Thahani," akasema, akaziba mdomo. Nikaushusha mkono wake nikamwambia, "Usijifiche. Yako yatamea."

Siyo meno ya Mungu, nisikudanganye tena. Kila jioni nayatoa na kuyasugua, na muwa sigusi. Lakini nyama ya mbuzi nakula, nikiikata vipande vidogo, na nimerudi kwaya.

Nisalimie kaka Wafula. Nisalimie pia mke wake, na umwambie simlaumu kwa yale maneno yake ya washamba. Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo. Nisalimie Senge, dada wa marehemu Baba, na watoto wote wa boma. Wewe Nafula unayesoma, asante kwa kuniambia ukweli. Shule zikifungwa Desemba nakuja, na nitakaa mpaka mnichoke.

Ndani ya bahasha kuna picha. Nilipigwa hapa Kitengela mjini Jumamosi iliyopita. Mwenye studio alisema, "Mama, cheka kidogo," nami nikacheka sana. Niliiangalia kwa muda mrefu, Mama. Sasa nimejua kwa nini Baba, nikitokea mlangoni jua likiwa nyuma yangu, alikuwa akiniita kwa jina lako.

Ni mimi mtoto wako,
Nekesa