Vidonge vya Kahawia vya Mpwa Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana mtaa huu hakuna mwanamke aliyepanga uzazi bila mkono wangu. Miaka kumi na tisa nimekuwa mpakuzi wa mizigo kwenye bohari ya dawa, na kila boksi la vidonge, kila katoni ya sindano za miezi mitatu, hata vile vijiti vya kuwekwa mkononi vilipokuja mara ya kwanza, vyote vimepita kwenye bega hili kabla ya kumfikia daktari yeyote, na mganga mkuu mwenyewe aliwahi kuniuliza mbele za watu, "Mzee, hii katoni ni ya nini?" nikamjibu bila kutazama karatasi, ndiyo maana wananiita Dokta.

Basi binti wa dada yangu tunakaa naye nyumba moja, yeye na mumewe fundi umeme na mtoto wao wa miaka miwili, na walikubaliana asizae tena mpaka huyo aanze shule, kwa sababu kwenye kiwanda cha mikate anakofanya kazi ameahidiwa kuwa msimamizi wa zamu. Alikuwa anameza vidonge vyake vizuri tu, vyeupe ishirini na kimoja, halafu vya kahawia saba, akimaliza anafungua pakiti nyingine. Siku moja nikamkuta jikoni ana cha kahawia mkononi, nikamwambia, "Mpwa wangu, unajichosha bure, hicho hakina dawa ya uzazi, ni cha kujazia pakiti."

Akacheka. "Mjomba, nesi alisema nimalize vyote."

"Nesi kasoma kwenye daftari. Mimi nimevishika kwa mikono."

Nikamwelekeza amalize vyeupe, apumzike, kisha afungue pakiti mpya kila tarehe moja, maana mwezi ni mwezi, na vya kahawia anipe mimi nikamtupie. Akanisikiliza kwa sababu mimi ni mjomba wake, miezi mitatu akafanya hivyo, na sasa, mshauri, ana mimba.

Mumewe anasema amefanya makusudi, amehamishia godoro lake sebuleni, hamsemeshi ila kupitia kwa mtoto, "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Dada yangu naye anamwita mzembe. Juzi mpwa wangu akanijia huku anakunja nguo, akasema, "Mjomba, mimi nimekosea wapi? Nilihesabu kama ulivyonielekeza," nami, mwanamume mzima wa miaka hamsini na mbili, nikamjibu ni mipango ya Mungu. Usiku nikamsikia anamwomba mumewe msamaha. Alhamisi wanakwenda kliniki wote wawili, na nesi atauliza vidonge alivimeza vipi. Nifanye nini?

Kuna kitu kidogo kimebaki. Vya kahawia sikuvitupa. Nilisikia kule bohari kwamba vinaongeza damu, na ngazi zimeanza kunishinda, kwa hiyo nilivimeza mimi.

Dokta

*

Kaka yangu Dokta,

Ulichosema kuhusu vya kahawia kina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoharibu. Ni kweli havina homoni, ni madini ya chuma. Lakini kazi yake nyingine ni kuhesabu siku. Mapumziko ni siku saba, hayazidi. Ulipomwambia asubiri tarehe moja, ulimpa siku tisa na wakati mwingine kumi, na hapo ndipo mimba huingia.

Vidonge vya kwanza, zaidi ya miaka sitini iliyopita, vilikuwa na homoni nyingi sana, wanawake wakaumwa vichwa, wakatapika, wengine damu ikawaganda miguuni. Wataalamu wakapunguza kipimo kidogo kidogo miaka na miaka ili mwanamke kama mpwa wako ameze na aende kazini salama. Kipimo kikiwa kidogo, hesabu lazima iwe sahihi. Hilo halijaandikwa nje ya katoni, kaka.

Nakuonea huruma, maana aibu yako naiona katika kila mstari. Ila namwonea huruma zaidi aliyeomba msamaha kwa kosa lako huku wewe ukisikiliza ukutani. Na Mungu umemsingizia.

Leo, si Alhamisi asubuhi, waite mpwa wako na mumewe pamoja, na dada yako awepo. Usianze na bohari wala mganga mkuu. Sema: mimi ndiye niliyemwambia aache vya kahawia, mimi ndiye niliyempa tarehe moja, na vidonge vyenyewe nilivimeza mimi. Watacheka au watakasirika, vyote unastahili. Usiwaombe wakusamehe siku hiyo hiyo.

Kliniki amweleze nesi kila kitu, pamoja na tarehe alizomeza, na aache vidonge kuanzia sasa. Nesi atamweleza hali yake na ya mimba, na baadaye, akitaka sindano, kijiti au kitanzi, hilo ni lake na mumewe. Kiwandani aulize mapema kuhusu nafasi yake, asisubiri tumbo limsemee. Wewe nenda ukapimwe damu na moyo, kwa sababu ngazi kukushinda ni ugonjwa wa kumwuliza daktari, si wa kuibia dawa za mwanamke.

Na siku nyingine mwanamke akikuuliza habari za dawa zake, una jibu la neno moja. Lifanyie mazoezi leo kabla hawajaja kuketi: "Sijui."