Mgonjwa Niliyemficha

Jumatatu, 21 Julai 2025

Omena amekufa. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, juu ya sweta yangu ya kazi, kichwa kwenye kiganja changu. Alivuta pumzi moja ndefu. Nikangoja ya pili. Haikuja.

Miaka kumi na miwili mimi na paka mmoja! Nililia mpaka Sele, jirani wa mlango wa pili, akagonga akiuliza kama ni mwizi. Nikamfungulia, akaona. Hakucheka, na Sele hucheka kila kitu. Akaenda kuleta jembe.

Ploti yetu yote ni simiti. Tulimzika nyuma ya tangi la maji, kwenye mboga za managu za mama wa nyumba nambari tano — asipojua ni sawa tu. Nilimfunga kwa leso yangu ya zamani. Sele akafukia, akaniambia niende nikanywe kitu moto. Baridi ya Julai, mtaa wetu wa Kamenu mzima ni ukungu.

Nikamtumia Trizah wa kazini ujumbe: Mgonjwa wangu ametutoka, nimezika asubuhi, leo siji kazini. Akajibu: Woi! Pole sana. Nyinyi Waislamu hamchelewi kuzika. Jikaze dada.

Nikazima simu.

Halafu — niandike ukweli, hapa sina wa kunisoma — nililala. Saa tano mpaka saa kumi jioni! Miezi mitatu sijalala hivyo. Hakuna dripu ya saa nne usiku, hakuna kuinua ngozi ya shingo nikitafuta mahali ambapo sindano haijaingia. Hakuna kumsikiza akijikamua kutapika na tumbo halina kitu. Nimeamka mwili mwepesi, nikashukuru Mungu imeisha. Kisha nikajitukana.

Jumanne, 22 Julai

Supervaiza amepiga. Nipumzike hadi Alhamisi, ati msiba ni msiba. Ana sauti ya upole siku hizi, kumbe anaweza.

Nimefua blanketi lake mara mbili. Nimetupa mabomba ya sindano. Nyumba inanuka sabuni badala ya dawa. Jioni nimekula samaki mzima bila mtu wa kunikodolea macho. Nimeweka kichwa cha samaki ukingoni mwa sahani. Kimekaa hapo tu. Nikalia tena.

Jumatano, 23 Julai

Kuna kitu kinaniuma kuliko kifo chenyewe. Hebu nikiandike.

Aprili nilimpeleka kwa daktari wa agroveti. Yule ni mtu wa ng'ombe na kuku, aliniuliza kama Thika paka wameisha, nisichukue mwingine. Lakini alimpima, akasema figo zimekwisha, ila dripu kila usiku inaweza kumvuta kidogo. Akanifundisha kuiweka. Sasa, mimi wiki moja niko mchana, wiki moja usiku. Nani angemwekea nikiwa kiwandani?

Mimi na Trizah tunaachiana mashine moja ya kushona. Nikitoka anaingia, akitoka naingia, mwaka wa saba sasa. Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Basi, hivyo tu. Ningesema paka, wanawake wote wa lain yetu ya mashine wangeanguka chini kwa kicheko. Na Trizah hakuuliza ni nani. Alisema, wewe shika mchana, usiku zako zote nipe mimi.

Miezi mitatu Trizah hajashona mchana! Na ana mtoto wa mwaka mmoja anamwacha kwa jirani.

Nimekuwa nikijiambia sikudanganya. Si alikuwa mgonjwa? Si alikuwa nyumbani? Wacha ujinga, Hayat.

Alhamisi, 24 Julai

Wallahi nimekwisha.

Nimerudi kazini. Saa ya chai Akoth, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake, akapanda juu ya benchi. Ati tusimame kidogo, mwenzetu Hayat amempoteza mama.

Mama! Sikusema mgonjwa ni nani, wakajijazia wenyewe. Mama yangu yuko Isiolo, mzima, anachunga mbuzi wake! Nikafungua mdomo. Kui wa lain yetu ameshanikumbatia, analia kwenye bega langu machozi ya kweli. Nikaufunga.

Wanakuja kwangu kunipa pole Jumamosi saa nane. Unga, sukari, majani ya chai, na kila mmoja leso yake. Ingekuwa mmoja wao ndiye amefiwa, wangeuliza mwili uko mochari gani, mazishi ni lini, na uwongo ungekufia hapo hapo. Lakini mimi ni Mwislamu, na kila mtu anajua sisi huzika siku hiyo hiyo. Kwa hivyo hakuna aliyeuliza kitu. Walishukuru tu kwamba nimezika salama.

Jioni nikimpisha Trizah kwa mashine, akanishika mkono. Akasema mama yake aliugua Busia mwaka mzima na yeye yuko hapa anashona kola. Alifika siku ya kuzika. Akasema zile usiku zangu alikuwa anazifanya kama za mama yake, na sasa moyo wake umetulia kidogo.

Nilienda chooni nikampigia mama. Nikamuuliza kama yuko sawa. Kwani nani amesema siko sawa? Amenigombeza dakika kumi, ati nampigia mtu simu saa ya maghrib. Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemwambia.

Niliomba ruhusa saa sita, nikashuka Ruiru kwa Trizah. Alikuwa ameamka, anafua, mtoto ameketi kando ya beseni. Nilisema nikiwa bado mlangoni, kabla hajanikaribisha, maana ningekaa ningenywa chai na ningenyamaza.

"Mgonjwa wangu alikuwa paka."

"Paka."

"Paka yangu. Omena."

"Hayat. Paka ya miguu minne?"

Mtoto akacheka, maskini, alipenda tu sauti. Trizah hakucheka. Alikamua suruali ya mtoto polepole mpaka ikaisha maji. Nikamwambia yote, dripu, figo, mama yangu wa Isiolo na mbuzi zake. Nikamwambia niliona haya. Nikamwambia anisamehe.

Alisema neno moja tu la maana, na hakupandisha sauti. Alisema mtoto wake amejifunza kutembea kwa nyumba ya mtu, na yeye mchana amelala. Halafu akaniambia niende, ana shifti.

Nimeenda. Nililia kutoka kwake hadi steji, watu wananitazama. Na bado, aibu au si aibu, nilikuwa nahisi kama mtu aliyetua gunia. Huenda sina rafiki tena. Lakini usiku wa leo nitalala, najua.

Wengine atawaambia yeye. Hawatakuja kesho. Afadhali.

Jumamosi, 26 Julai

Saa tisa kasoro. Naandikia jikoni, sufuria ya chai iko kwenye gesi. Wako sebuleni wote.

Walikuja! Wanawake saba, Akoth mbele, wakiimba kwa sauti ya chini toka getini. Trizah hakuwaambia kitu.

Sikuwaacha wakae. Nilisema nikiwa nimesimama katikati, unga wao ndio kwanza umetua mezani. Mama yuko hai. Aliyekufa ni paka. Nilikosa, nisameheni.

Mmoja akaziba mdomo na leso, mabega yakaanza kuruka. Kui akauliza kama machozi ya Alhamisi atarudishiwa. Lakini Akoth! Akoth alikasirika vibaya. Ati yeye amefunga siku mbili kuombea paka? Akachukua unga wake mezani. Wawili wakachukua wa kwao. Walikuwa wameshafika mlangoni.

Na mlangoni ndipo alipokuwa Trizah. Macho mekundu, hajalala tangu shifti, mtoto mgongoni. Wote wakamwambia kwa mpigo. Akasema anajua, tangu jana. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti changu kile kifupi, akafungua leso akamshusha mtoto.

"Akoth, kaa. Si tumekuja kwa msiba?"

"Msiba gani, Trizah? Msiba gani!"

"Mfiwa ataeleza."

Ndivyo tunavyofanya kila mara. Mfiwa huketi katikati, anaulizwa ugonjwa ulianzaje, naye hueleza siku kwa siku mpaka pumzi ya mwisho. Nimeketi kwenye duara hilo mara ngapi nikisikiza za wenzangu. Mimi sijawahi kuulizwa.

Akoth amekaa. Unga ameupakata.

Bado Trizah hajaniangalia usoni. Alikuwa anamvua mtoto soksi aliposema: "Lete chai kwanza. Halafu utuambie tangu mwanzo, Hayat. Usiruke kitu. Nataka kujua nilikuwa nakesha na nani."

Wananingoja. Nianzie wapi? Aprili, asubuhi ile aliposhindwa kuruka kitandani, nami nikamcheka. Nitaanzia hapo. Chai imefura —