Nyumba Yetu Si Gofu

Mafinga

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleykum. Kabla sijasema lolote, goti linaendeleaje? Ufuta umeota vizuri? Sisi huku baridi inatutetemesha lakini tu wazima, na mume wangu Hamisi hunivalisha koti lake kila nikitoka kuosha vyombo. Mama, nimeolewa jamani! Nikiamka namtazama kwanza nione kama ni kweli. Wenzake wa karakana wanamcheka, "Fundi, siku hizi unapiga randa huku unaimba." Anawajibu, "Oeni kwanza ndipo mseme."

Sasa habari ya nyumba. Mjomba alipotusomea kwenye simu ile karatasi ya fidia ya barabara, nililia. Nyumba uliyoifyatulia tofali mwenyewe, mimi nikiwa mgongoni, imeandikwa gofu lisilokaliwa! Nikamweleza Hamisi kwamba wathamini walipita msimu wa korosho, sisi sote tumehamia kwenye vibanda vya shambani kuokota, milango imefungwa, majani yamefika dirishani. Yeye ni mtu wa Mnero, kwenye mikorosho kama kwetu, alielewa papo hapo. "Kumbe hata kwetu tungeandikwa magofu," akasema.

Mimi nilitaka mahakama tu. Tukaenda kwa wakili mmoja hapa mjini, mama wa makamo, ana siku yake ya kusikiliza watu bure. Hapambi maneno.

"Mama yako anaweza kumlipa wakili?"

"Hawezi."

"Wewe je?"

"Mimi nina mume."

Alicheka mpaka akavua miwani. Hamisi akatazama dari.

Kisha akatueleza. Kesi ya kuishtaki serikali inakwenda Mahakama Kuu, maana yake wewe utoke Chinongwe mpaka Mtwara, na ikiahirishwa unarudi, halafu unatafuta nauli upya. Mthamini wa kukutetea naye anataka malipo yake. "Wengi kesi zao hazifiki kwenye hukumu," alisema. "Wanaishiwa njiani. Mwenye nyumba ya kawaida, akiwa peke yake, simdanganyi."

Hamisi ndiye aliyeuliza, "Na wakiwa wengi? Maana msimu ule mtaa mzima haukuwa nyumbani."

Wakili akaweka kalamu chini. Akasema hapo sawa. Majirani wote walioandikiwa magofu walalamike kwa pamoja, kwa maandishi, waombe nyumba zikaguliwe upya kabla muda haujapita. Wakikataliwa, wachangie wakili mmoja. Mama, umeona nimeolewa na nani?

Najua umechoka. Mjomba ameniambia unasema utachukua walichokupa ukakae kwa mama mdogo Nachingwea. Tafadhali, usiweke dole gumba kwenye karatasi ile. Barabara ipite, hatuizuii, lakini wakulipe nyumba yenye vyumba vitatu na jiko, ujenge nyingine ya kwako, siyo kulala sebuleni kwa mdogo wako.

Nauli yangu ipo. Hamisi alikuwa akituchongea kitanda cha mninga, amechonga na maua kichwani. Amemuuzia mwalimu mmoja. Nilipogomba akanijibu, "Mke wangu, kitanda nitachonga kingine. Mama yetu ana nyumba moja." Sasa tunalala kwenye godoro chini, na Mama, sijawahi kulala raha hivi.

Nafika Ijumaa. Mwambie mjomba awaite majirani waje kwetu jioni, hata Bi Asumini anayesema serikali haishindwi. Huyo mkalishe mbele, nitamwandika wa kwanza. Sikuahidi ushindi, Mama. Nakuahidi kwamba safari hii wakija kukagua, watakuta watu.

Nisalimie mama mdogo, mjomba kwa kutusomea bila kuchoka, na bibi, mwambie mkwe wake anakula vizuri. Hamisi anakushika mkono kwa heshima zote.

Akulinde Mola mpaka nifike.

Mwanao mwenye furaha na hasira,
Zaituni