Kichujio Ambacho Hata Jini Hapiti

Mpendwa mushauri Khadidja, naomba msaada, lakini kwanza ujue unaandikiwa na nani: mi ni Massoudi wa Mutakura, fundi wa pompe za kuvuta maji, yule aliyeamsha mota iliyolala tangu enzi za Wabelgiji kwa kuipiga kofi moja tu, na shule niliacha mwaka wa sita kwa sababu mwalimu aliishiwa na maneno. Sasa akina mama wa koperative ya fromaji, yaani jibini, mukubwa wao Caritas, wanataka kuchuja yale maji yanayobaki maziwa yakiganda, watoe protini ya kinywaji cha wachezaji mpira, wakaniita nichague membrani, ule utando wa kuchujia, na wataagiza mmoja tu, basi nikasimama mbele ya watu arobaini nikasema, "Chukueni wenye matundu madogo kuliko yote, hata jini hapiti!" wakapiga vigelegele, na mupwa wangu Fadhila, anayesomea mambo hayo universite, akainamisha kichwa, kimya.

Nyumbani ndipo akasema, "Mujomba, ule unapitisha maji peke yake. Sukari na chumvi vitabaki pamoja na protini."

"Apana! We unanifundisha mi?"

Akaazima vichujio vidogo, akanichujia mbele ya macho yangu. Utando wangu ulibakiza kitu kitamu chenye chumvi. Wa katikati, wenye matundu ya kiasi, baada ya kuongeza maji na kuchuja tena, utamu uliisha, protini ikabaki. Jumatatu wanaagiza. Nikijirudi, jina langu litakwenda wapi?

Massoudi,

Mi Khadidja nakujibu: mota uliipiga kofi, sawa. Sukari haiogopi kofi. We umechagua kichujio kama mutu anayechagua kufuli! Swali ni nini kibaki, nini kitoke. Matundu makubwa mno yatapitisha protini yenyewe. Madogo mno yatafungia kila kitu ndani. Chukua wa katikati, na mafuta yatolewe kwanza, la sivyo utando utaziba.

Huyo binti alinyamaza ili usiaibike mbele ya watu. Sasa maziwa ya wale mama yaharibike juu ya heshima aliyokupa?

Jumapili waite walewale arobaini. Beba vikombe viwili, kimoja cha kila kichujio, Caritas aonje mwenyewe. Sema, "Nilikosea." Halafu Fadhila asimame mbele, we ukae. Na kujisifu kukikuwasha, jisifu hivi: "Huyu ni mupwa wangu." Kwa hiyo moja, Massoudi, hakuna atakayekwambia unaongopa.