Mshumaa wa Shahamu

Dada yangu Zuwena,

Salamu nyingi kutoka Maskati. Nnakuandikia kadi hii na hasira zimenijaa hadi kooni.

Hapa mzinga wa kutangaza usiku ukishapigwa ngomeni, mtu hatembei mjini bila ya taa mkononi. Juzi nilikuwa nnakwenda kwa wifi yangu, nikamulika tochi yangu mpya. Askari wa lango la mji akaitazama kama nimemtolea nyoka. "Hii si taa, bibi. Taa ina moto." Akanirudisha.

Asubuhi nikenda sokoni kwa mtengeneza mishumaa. Anachovya tambi kwenye sufuria ya shahamu ya mbuzi, anazitundika zigande, anachovya tena, kama watu wa karne za kale! Nikataka mshumaa wa nta. Hana. Nikachukua wa shahamu, nikautia kwenye fanusi.

Basi jana nimejifukiza udi, nimependeza, natoka. Wallahi sijafika langoni nnanuka mchuzi wa mbuzi, na paka wa mtaa mzima wako nyuma yangu! Na mwanga wenyewe haufiki hata kwenye vidole vya miguu. Nikamlalamikia askari yule yule kwamba sioni njia. Akacheka. "Kwani taa ni ya wewe kuona? Ni ya sisi kukuona wewe."

Dada, siku utakayoipata kadi hii, zima taa ya ukumbini, utembee gizani mpaka jikoni, asikuulize mtu wewe nani. Kisha urudi tena, mara hii kwa ajili yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Asya