Kiwele cha Biskuti

Jumatatu, 9 Juni

Zamu ya asubuhi kazini, Tyseley. Maboksi ya skrubu mpaka mgongo ukanilalamikia. Nyumbani saa tisa, wali wa jana, kisha kufua koti jeupe la binti yangu Hodan mara ya tatu. Doa la mfukoni limegoma kutoka. Nimeshona kitufe. Bila koti jeupe huingii mbele ya jaji, hata mbuzi wako awe malkia.

Jumamosi ni shoo ya kilimo, huko mashambani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu Handsworth, hapa Birmingham. Hodan anampeleka Biskuti, mbuzi wa maziwa wa shamba la jamii lililo nyuma ya mtaa wetu. Ana miaka kumi na minne. Hodan, si mbuzi. Mwaka mzima amemlisha, amempunguza kwato, amekosa sherehe za rafiki zake. Mwaka jana alitoka mikono mitupu, na msichana mmoja wa huko akamwambia watoto wa Birmingham waje na njiwa wao wa mjini. Hajasahau. Mimi pia sijasahau. Anataka utepe mmoja tu wa ushindi. Wa rangi yoyote.

Jumatano, 11 Juni

Nimepita shambani kuwatazama. Hodan anamzungusha Biskuti uwanjani, vichwa juu, wote wawili. Nikamwambia kamba aishike fupi. "Hooyo, I've got this." Ananiita mama kwa sauti laini hivyo akitaka niondoke.

Nimeudhika, sifichi. Nimekulia Garissa. Nilijua kukamua kabla ya kujua kusoma. Na hapa hakuna anayeniuliza chochote. Mzee Gurdial alicheka. Ni seremala mstaafu, mzaliwa wa Kisumu, kilemba cha buluu kila siku. Anajitolea pale shambani na gari lake ndilo litakalotupeleka. Akaniambia, "Mama Hodan, safari hii wewe ni abiria. Kaa kitini, funga mkanda."

Sikucheka. Sasa hivi, naandika, nacheka kidogo.

Alhamisi, 12 Juni

Hodan amembadilishia Biskuti chakula, ameongeza shayiri. Msimamizi wa shamba alimwambia asubiri mpaka shoo ipite. Hakusikia. Ukaidi huo najua ameutoa wapi.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika ndani ya gari, ni jioni na jua bado liko juu. Tumefika. Nilitoka zamu moja kwa moja, nikalala njia nzima, nikaendelea kulala hata walipomshusha mbuzi. Nilipoamka Biskuti alikuwa ameshakamuliwa, tena mbele ya mtu wa shoo mwenye karatasi. Sheria zao. Sikuuliza.

Banda ni refu, mbuzi pande zote, wasafi kuliko watoto wengi ninaowajua. Watu wema. Mama mmoja wa kizimba cha jirani ametupa keki. Nimeona aibu, sina cha kumpa.

Hodan ameshajilaza kwenye majani makavu, mkono juu ya mgongo wa Biskuti. Nimemtazama muda mrefu. Nampenda mpaka kifua kinauma. Nikimwambia atasema namwaibisha mbele ya watu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeharibu. Niandike ilivyokuwa.

Saa kumi na nusu alfajiri. Nimeswali nje ya banda, nyasi zimelowa umande. Narudi, Biskuti analia. Kiwele kimejaa, chuchu zimekaza. Hodan yuko usingizini kabisa. Kwetu mnyama haachwi akiteseka hivyo. Na mgeni aliyelala karibu na zizi, maziwa ya kwanza ni yake. Marehemu mama yangu asingethubutu kuwapa majirani chai ya rangi huku mbuzi amesimama pale na kiwele kimejaa.

Nikachuchumaa, nikakamua. Biskuti akatulia. Vidole havijasahau kitu. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli, furaha ambayo sijaionja miaka. Sufuria ikajaa. Nikachemsha nje, kwenye jiko dogo la gesi la Mzee Gurdial. Iliki, tangawizi, sukari ya kutosha. Nikagawia banda zima. Mama wa keki alirudia.

Mzee Gurdial alikuwa kwenye kikombe cha pili ndipo akauliza, "Haya maziwa umenunua duka gani saa hizi?"

Nikamwonyesha Biskuti kwa kidevu. Akaweka kikombe chini. Akanieleza polepole, kana kwamba naumwa. Jioni wote hukamuliwa mbele ya shahidi, ili asubuhi jaji akute viwele vimejaa sawasawa. Kiwele ndicho anachokitazama kuliko kitu kingine chochote. Jaji anaanza saa tatu. Maziwa hayawezi kurudi kwa muda huo.

Nikamwuliza, utamwambia Hodan wewe? "Si mimi nilikamua, mama," akasema.

Nilipoingia, Hodan alikuwa ameshaamka, amepiga magoti, anakipapasa kile kiwele. Uso umemshuka. Anasema ni shayiri. Aliambiwa asibadilishe chakula, akabadilisha, sasa amemkausha Biskuti. Nilifungua mdomo. Kisha nikamfungia kitufe cha koti. Hilo ndilo nililofanya.

Mbuzi sita uwanjani. Aliongoza vizuri kuliko wote, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Jaji aliinama, akashika, akatikisa kichwa kwa huruma. Wa sita. Tepe ziliishia kwa wa tano.

Njia nzima alitazama dirishani. Tulipofika Perry Barr, karibu na nyumbani, akasema anaacha mbuzi, hii kazi haijui. Mzee Gurdial aliniangalia kwenye kioo. Nikajifanya natafuta kitu mkobani. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia. Kitandani kwake, kabla hajaamka vizuri, ili asiwahi kukimbia. Nimesema yote bila kupamba, hata chai, hata mama wa keki aliyerudia.

Alijiinua, akaketi. Halafu akasema, "You let me think it was me." Ni kweli, nilimwacha aamini kosa ni lake. Hakupaza sauti. Ningeona afadhali apaze.

Nikamwomba msamaha. Mama zetu hawakuwaomba watoto wao msamaha, sikuwa hata na pa kuiga. Nilimshika mguu juu ya blanketi. Akauondoa.

Baba yake alipiga simu kutoka Uskochi, yuko huko na lori wiki nzima. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Nimemkatia.

Jumatatu, 16 Juni

Hajanisemesha. Sahani yake ameosha mwenyewe, na hilo si jambo la kawaida.

Lakini baada ya shule alikwenda shambani. Amerudi na majani kwenye nywele, chini ya mtandio. Kwa hiyo hajaacha. Nimeshikilia hilo jioni yote. Nimepika pilau bila sikukuu.

Jumanne, 17 Juni

Amenikuta jikoni, buti miguuni. "Twende," akasema. Nikazima jiko, nikavaa viatu, sikuuliza.

Kwenye ukuta wa banda kuna ratiba ya kukamua jioni. Kila siku ina jina la mtu. Jumanne palikuwa wazi mwaka mzima, alikuwa akiziba yeye mwenyewe. Leo pameandikwa kwa kalamu nyekundu: Hooyo. Mzee Gurdial alikuwa anafagia. Alifagia mahali pamoja muda mrefu sana.

Hodan akaniwekea kigoda. Nikakaa, nikanyoosha mkono. Akaushika, akaurudisha kwenye paja langu.

"Bado. Mpaka nikuambie."

Akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu. Akakikausha kwa kitambaa, upande huu, upande ule, bila haraka. Ana kovu dogo kwenye kidole gumba ambalo sikuwahi kuliona. Nilikaa na ndoo katikati ya magoti, mikono yangu imetulia.

Aliposema sasa, nikaanza.